Viza ya mwenza Uingereza: mshahara wa mke haufiki pauni 29,000, akiba yangu ya Uganda inahesabika?

Kiira_Jinja:
Habari zenu wakubwa. Mke wangu ni raia wa Uingereza, anahudumia wazee Leicester na analipwa kwa saa. Malipo yake ya miezi sita iliyopita, kabla ya makato, ni pauni 13,500. Ana akiba ya pauni 17,000 iliyokaa mwaka mzima. Mimi nikibadilisha za kwangu napata kama 5,000: 2,600 ziko akaunti ya muda maalumu benki Kampala, 2,000 SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, 400 kwenye simu. Kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Kiganda) tulifanya Masaka miezi minne iliyopita, mwezi uliofuata tukafunga ndoa kanisa dogo la walokole. Ndaga muntu (kitambulisho cha taifa) yangu inasema Waswa, pasipoti inasema Wasswa. Nina digrii ya Makerere. Tuko tayari kuomba, au kuna shimo?

Hesabu_Kwanza:
Kaka, tuanze na pesa. Anayelipwa kwa saa, akiwa na mwajiri huyo huyo miezi sita yote, wanachukua wastani: 13,500 gawa kwa sita, zidisha kwa 12, ni 27,000. Kiwango cha mapato kwa mwaka tangu 11 Aprili 2024 ni 29,000, kwa hiyo mmepungukiwa 2,000. Pengo hilo unalizidisha kwa 2.5, unapata 5,000, kisha unaongeza 16,000, kwa sababu pauni 16,000 za kwanza za akiba hazihesabiwi kabisa. Mnahitaji akiba ya 21,000.

Akiba yako inahesabika hata ikiwa Uganda, inabadilishwa kwa kiwango cha tovuti ya fedha ya OANDA cha siku ya maombi. Mshahara wako wa Uganda hauhesabiki hata kidogo. Kwa maneno mnazo 22,000, ila za SACCO nazitilia shaka. Sharti ni pesa uweze kuitoa mara moja, na SACCO nyingi za kazini hazikupi akiba mpaka ujitoe uanachama. Pesa ya simu haina taarifa ya benki, iache. Akaunti ya muda maalumu inakubalika hata kama kuivunja kuna faini, mradi benki ikuandikie barua kwamba inavunjika wakati wowote. Zinabaki 17,000 na 2,600, jumla 19,600. Hamfiki. Hamishia za SACCO benki leo, subiri miezi sita, kisha uombe.

Mama_Bweyogerere:
Hesabu ni sahihi, ila kusubiri miezi sita si lazima. Ipige upande wa pili. Akiba ya 19,600 toa 16,000 zinabaki 3,600, gawa kwa 2.5, inaziba pengo la 1,440. Shemeji, yaani mkeo, anatakiwa afikishe 27,560 kwa mwaka, yaani 13,780 kwa miezi sita. Amepungukiwa pauni 280 tu! Akiongeza zamu chache miezi miwili mitatu ijayo, ile miezi ya zamani yenye malipo madogo inatoka kwenye hesabu na mipya inaingia. Lengeni 13,950, shilingi ikishuka thamani isiwaangushe kwa senti.

Jambo la kuogopa: akiba wanaipima ilipokuwa chini kabisa ndani ya miezi sita. Shemeji akitoa 3,000 wiki moja na kuzirudisha wiki inayofuata, yake itahesabiwa 14,000. Kwa hiyo ada isitoke humo kabla ya siku ya kuomba. Na ada si ndogo: ya maombi ilipopandishwa Aprili 2025 ilikuwa 1,938, na ya huduma za afya ni 3,105, kwa sababu viza ni ya miezi 33 na inalipiwa kama miaka mitatu, 1,035 kila mwaka. Jumla kwa ada hiyo 5,043. Mkinyimwa, ya afya inarudi, ile nyingine hairudi.

Gombolola_Masaka:
Mimi nina wasiwasi zaidi na ndoa. Picha za kwanjula, hata mia, si cheti. Kabla hujafanya lolote nenda URSB (ofisi ya serikali inayosajili ndoa) waangalie kama ndoa yenu ya kanisani iko kwenye rejista. Kanisa lazima liwe na leseni ya kufungisha ndoa na lipeleke taarifa zake huko. Makanisa madogo mengi hayana leseni, na wanandoa hugundua siku wanapoomba nakala iliyothibitishwa. Ikiwa haimo, ndoa ya kimila inasajiliwa gombolola (kaunti ndogo) ilikofanyika, kwenu Masaka, ndani ya miezi sita tangu sherehe. Una miezi miwili. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) inasaidia kuonyesha unakoishi, haithibitishi ndoa.

Mkalimani_Arua:
Kiingereza: Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa, hata kama ndiyo lugha tuliyosomea. Digrii ya Makerere inatosha ukipata taarifa ya Ecctis (shirika la Uingereza linalolinganisha vyeti vya nje) inayosema inalingana na digrii ya Uingereza na kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Ukiamua mtihani, ni wa ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa), kuongea na kusikiliza, uliopitishwa na serikali yao kwa ajili ya viza. Usifanye IELTS ya kawaida ya kujiunga na chuo, utapoteza pesa.

Jina: kila cheti kipya kifuate pasipoti herufi kwa herufi. Hiyo S moja ni ya kushughulikia sasa. Rekebisha NIRA (wanaotoa vitambulisho), na mpaka hapo ambatanisha hati ya kiapo kwamba Waswa na Wasswa ni mtu mmoja.

Ujumbe wa WhatsApp chagueni michache ya kila mwezi, msipeleke kurasa 400. Ulioandikwa Kiganda au Kiswahili utafsiriwe, na mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano yake. Tafsiri isiyo na hayo haihesabiwi.

Kiira_Jinja:
Asanteni sana. Kesho asubuhi niko URSB. Kipimo cha kifua kikuu nifanye sasa?

Mama_Bweyogerere:
Hapana, subiri malipo ya shemeji yakaribie kufika. Cheti cha IOM (Shirika la Uhamiaji) Kampala kinadumu miezi sita tu. Lakini usingoje wiki ya mwisho pia: picha ya kifua ikiwa na doa watataka makohozi, na kuyaotesha maabara huchukua hadi wiki nane. Ukiona miezi miwili imebaki kabla ya kuomba, nenda.

Hesabu_Kwanza:
Nami nakubali njia ya Mama, ni fupi kuliko yangu. Tarehe ya maombi ni siku unayolipa mtandaoni, si siku ya alama za vidole VFS (kituo kinachopokea maombi ya viza). Kuanzia hapo hesabu siku 28 nyuma: karatasi ya mwisho ya mshahara, taarifa za benki zenu wote na barua ya mwajiri ziwe ndani ya siku hizo. Na kila karatasi ya mshahara, kiasi kinachobaki baada ya makato kionekane kikiingia benki vile vile, mpaka peni. Mwezi usiolingana, shemeji aombe mwajiri aeleze sababu kwenye barua hiyo hiyo.