Kwanjula Kampala: chakula na gharama zikoje?

WaKondele (Kisumu)
Hamjambo wote. Kaka yangu ameposa msichana Mganda, na sisi watu wa upande wa mume tunatarajiwa kwa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mume kwa wazazi wa bibi harusi, mwezi ujao, huko Mukono karibu na Kampala. Tutakodi matatu kutoka Kisumu tuvukie Busia. Mimi sijawahi kuupita huo mpaka. Tunasafiri na mama, na yeye bila ugali na samaki ataniambia hajala. Watu hula nini kule? Nipange pesa ngapi kwa siku? Na ni kweli wanawake hupiga magoti?

MamaVitenge
Dada, mimi huenda Kampala kuchukua vitenge, kwa hivyo nitakuambia ya vibandani. Ya hoteli kubwa waulize wenye posho ya kazi.

Ukiketi, usiagize kama Kisumu. Kwetu ugali una bei yake na samaki ana yake. Kule unalipia mchuzi. Unachagua nyama, samaki, maharagwe au njugu, kisha mwenye kibanda anakuuliza akupakulie nini: matoke, wali, posho, mihogo, viazi vitamu, malenge. Sema "vyote". Sahani itafurika na bei itabaki ile ile. Wakenya wengi hujibana, wanasema "matoke tu", wakidhani kila kijiko kinahesabiwa.

Mchuzi wa njugu ndio nafuu, na mimi nauweka juu ya nyama yao. Rangi yake ya zambarau isikutishe. Matoke mazuri ni yale yaliyofungwa kwa jani la mgomba yakaiva kwa mvuke hadi yakalainika. Yakipoa hayana raha, kwa hivyo kula mapema mchana.

Posho ni ugali mweupe, laini kuliko wetu, na mama atanung'unika. Mtafutie kalo, ugali wa wimbi na mihogo. Samaki asiwe na wasiwasi, ziwa ni lile lile la Victoria. Mpelekeni Ggaba, ufuoni, ale ngege (sato) wa kukaanga. Hata omena (dagaa) wapo, kule ni mukene, na wengine huwapika na njugu. Hao sijawazoea.

Pesa: elfu moja yao ni kama shilingi 35 zetu. Rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, ikizidi elfu tano zao umeuziwa bei ya mgeni. Ukila vibandani, elfu moja yetu kwa mtu kwa siku inatosha, na soda juu.

DerevaNakuru
Bebeni vitambulisho na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Pesa badilisheni kwenye duka la fedha, hawa wa kukimbiza gari waacheni. Mkimaliza msitu wa Mabira mtafika Namawojjolo: wauzaji watajaa dirishani na kuku wa mishikaki na gonja, ndizi za kuchoma. Nunueni gonja ikiwa moto. Na wakisema "taxi" wanamaanisha matatu.

MkamwanaMasaka
Mimi ni wa Kakamega, nimeolewa huku. Ndiyo, wanawake hupiga magoti kusalimia wakubwa, na siku ya kwanjula mtapiga mkikabidhi zawadi. Wanawake huvaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, wanaume kanzu na koti. Hamtajisemea, mna msemaji wenu, na akishindwa maneno na msemaji wa upande wa pili mtatozwa faini za utani, kwa hivyo muwe na noti ndogo ndogo. Jogoo wa kaka wa bibi harusi msimsahau hata mkisahau mengine yote. Chakula chenyewe mtapenda: luwombo, kuku aliyepikwa ndani ya jani.

Jambo lingine, salimia kwanza ndipo uulize bei. Na usianze na Kiswahili kwa wazee. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini waliokuwepo wakati wa Idi Amin bado wanasikia sauti ya wanajeshi wake, waliokitumia.

WaKondele
Asanteni sana. Gomesi nishone Kisumu ama nikodi?

MamaVitenge
Kodi huko huko, senga (shangazi) wa bibi harusi atakuonyesha wapi. Kikoi cha kuvaa ndani beba chako. Bila hicho gomesi inakushika miguu, na wewe utakuwa unashuka na kuinuka mchana kutwa.