Wakuu, "put off" na "call off" si kitu kimoja? Nijibuni leo leo

Kijana wa Karatu: Habari za jioni wakuu. Mgeni akiandika "we have to put off our trip" anamaanisha nini? Mimi najua put off ni kuzima, tangu shule tunaambiwa put off the light. Sasa safari itazimwaje kama sio kufutwa? Bosi anaingia kesho asubuhi.

Ticha Mstaafu: Put off hapo ni kuahirisha. Call off ndio kufuta. Na hiyo ya taa ni yetu huku, Mwingereza mara nyingi anasema turn off au switch off.

Bi Chachandu: Kiswahili chetu mnakidharau. Mzungu akija anakutana na piga pasi, piga deki, piga mswaki, anajua tumegombana na kila kitu, mbona hatuombi ushauri?

Msee wa Rongai: Mimi nilimwambia mdosi mmoja wa UK "I will pick you at seven", akaniuliza anachaguliwa kati ya wangapi. Ile "up" huku tunaimeza tu. Na bado nilichelewa, jam ilikuwa mbaya.

Ticha Mstaafu: Mkuu, weka sentensi yote. Walitaja tarehe?

Kijana wa Karatu: "Until September." Ila nilisoma juu juu, mapokezi palijaa watu.

Ticha Mstaafu: Umeshawajibu?

Kijana wa Karatu: Ndio. Nimeandika "we have called off your booking as you requested" na kwamba advansi hairudi. Wamejibu "we won't put up with this", nikajua wanasema hawalali tena kwetu, basi yameisha. Bosi nitamwambia wamefuta wenyewe. Na kweli si wao walioanza? Wangeandika postpone ningeshindwa kuelewa?

Ticha Mstaafu: Put up with ni kuvumilia!! Wamekasirika hao, sio wanatafuta malazi.

Mama Wawili: Kwa hiyo unamdanganya bosi na hela ya watu mnakaa nayo. Kijana, riziki ya hivyo haikai.

Chai Maharage: Hii chai. Mwezi uliopita ulileta uzi eti unauza vipuri Kariakoo, leo uko mapokezi Karatu?

Kijana wa Karatu: Lile duka ni la shemeji, tuligombana ndio nikaja huku.

Chai Maharage: 😂😂 Chai ya maziwa kabisa.

Ticha Mstaafu: Hapo ndio somo lenyewe. To make up a story ni kutunga, to make up with shemeji ni kupatana naye. Chagua moja.

Msee wa Rongai: Shem mwenyewe yuko humu?

Kijana wa Karatu: Sio utani wakuu. Nikiwaandikia "sorry for putting you off" si itaeleweka nilikosea kidogo tu?

Ticha Mstaafu: USITUME. Hapo unaomba radhi kwa kuwaondolea hamu ya kuja kabisa.

Kijana wa Karatu: Kwani imeili ikishaenda hairudishwi?