Oakland A's: Uliondoa bidhaa rafuni mwenyewe, halafu unasema wateja hatuji

Wakuu, poleni na majukumu. Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga, na besiboli kwenu ni watu waliosimama uwanjani kwa muda wa saa tatu wakitema maganda ya alizeti. Nivumilieni leo, naongelea Oakland A's, timu ya besiboli ya Oakland, California, iliyohamishiwa Sacramento. Jana kazini jamaa mmoja wa San Francisco kaniuliza, tena huku anacheka: "Sacramento ni saa moja na nusu tu kwa gari, mbona hamwendi kuiona timu yenu?" Hasira zilinikaba, nikanyamaza. Namjibu hapa.

Timu yetu ipi?

Hiyo inayocheza Sacramento haina hata jina la mji. Ni "Athletics", basi, kama daladala iliyofutwa ruti ubavuni. Inacheza kwenye uwanja wa timu ya daraja la chini, unaochukua watu kama 14,000, ikisubiri uwanja wa Las Vegas unaotegemewa 2028. Hii ni klabu yenye makombe tisa ya World Series, yaani fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani! Manne iliyachukua ikiwa Oakland: 1972, 1973 na 1974 mfululizo, kisha 1989, mwaka ambao tetemeko la ardhi lilipiga watu wakiwa wameshakaa kusubiri mechi ya tatu. Siku kumi baadaye vijana wakarudi uwanjani, wakawamaliza Giants wa San Francisco kwa mechi 4–0.

Mimi nilipelekwa Coliseum, uwanja wa A's pale Oakland, mara ya kwanza mwaka 2006 na mzee mmoja wa Kimeksiko tuliyekuwa tukifanya naye usafi wa maofisi usiku. Uwanja ulikuwa mbovu, sikatai. Zege tupu. Mwaka 2013 maji taka yalifurika mpaka vyumba vya wachezaji, timu zote mbili zikalazimika kuoga chumba kimoja. Lakini ukishuka kwenye treni, ukavuka lile daraja la waenda kwa miguu, unapokewa na moshi wa soseji zilizoviringishwa nyama ya nguruwe (mimi nilikuwa napita haraka, nanunua embe la pilipili), halafu unazisikia ngoma za jukwaa la kulia. Zinapigwa tangu mpira wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi mtu wa Tanga, ngoma ikilia mahali nakaa. Nikakaa miaka kumi na nane.

Sasa tumzungumzie mwenye timu. John Fisher aliingia 2005 akiwa na mwenzake Lew Wolff, kwa dola milioni 180 hivi. Wazazi wake ndio walioanzisha maduka ya nguo ya Gap, kwa hiyo asije mtu hapa na habari za ukata. Na tangu siku hiyo ni danadana. Kwanza tunahamia mji wa Fremont. Fremont ikafa, ikaja San Jose. Giants wakasema eneo lile ni lao kwa kanuni za ligi, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2015 ilikataa hata kuisikiliza. 2017 ikawa jirani na chuo cha Laney, wenye eneo wakagoma. 2018 ikaja Howard Terminal, kule bandarini, mradi mzima wa dola bilioni 12. Wakati huo timu ilikuwa na kaulimbiu kwamba mizizi yake iko Oakland. Aprili 2023, jiji likiwa bado mezani linajadiliana nao, tukasikia wamepatana ardhi Las Vegas. Mizizi gani hiyo inayofungashwa usiku?

Lakini kuhama siyo kinachoniuma zaidi. Raiders wa futiboli ya Kimarekani walihama, Warriors wa kikapu wakavuka daraja kwenda San Francisco, tukanuna, maisha yakaendelea. Kinachonichoma ni namna tulivyobebeshwa lawama.

Tazameni. Marcus Semien, kijana wa huku huku, mkataba wake uliisha 2020, wakamwacha aende. Msimu uliofuata yuko Toronto, akapiga mipira 45 nje ya uzio, idadi ambayo hakuna mchezaji wa besi ya pili aliyewahi kuifikisha. Machi 2022, ndani ya siku tano, SIKU TANO, wakamuuza Chris Bassitt, wakamuuza Matt Olson, wakamuuza Matt Chapman. Wiki chache mbele Sean Manaea naye kwaheri. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 86 mwaka uliotangulia ikabaki fremu. Na wakati huohuo bei ya tiketi za msimu ikapanda! Mwaka 2023 Olson akiwa Atlanta alipiga mipira 54 nje ya uzio, akaongoza ligi nzima. Mwaka huo sisi tulipoteza mechi 112 kati ya 162.

Baada ya hapo wanapiga picha viti vitupu na kusema: mnaona? Oakland hawaipendi timu yao.

Kuna watakaosema A's siku zote ni timu ya bajeti ndogo. Kweli. 2002 ilishinda mechi 20 mfululizo kwa mishahara ya dola milioni 40 hivi, na meneja mkuu wake, Billy Beane, akasifiwa dunia nzima. Ile ya 20 waliongoza 11–0, wakasawazishiwa, Scott Hatteberg akaupiga mpira nje ya uzio wakashinda 12–11. Ila ule ulikuwa umaskini wa kutumia akili, unatafuta mchezaji ambaye wenzako hawajamwona thamani yake. Huku mwishoni ilikuwa kuuza tu kila anayekaribia kulipwa vizuri. Hata mwaka 2020 wa korona mwenye timu alitangaza kuwakatia vijana wa daraja la chini posho yao ya dola 400 kwa wiki, mpaka kelele zilipozidi ndipo akarudi nyuma na kukiri amekosea. Dola 400, bilionea!

Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki tukasema haya, tuwaonyeshe. Mgomo wa kinyumenyume: badala ya kususa, tunajaa. Tuliingia watu 27,759, siku ya Jumanne, kuitazama timu ya mwisho kabisa kwenye ligi. Fulana za kijani zimeandikwa neno moja tu, UZA, yaani Fisher auze timu. Tukawafunga Tampa Bay Rays 2–1, nikapoteza sauti siku mbili. Mkubwa wa ligi, Rob Manfred, alipoulizwa akasema ni vizuri kuona kwa usiku mmoja umati unaokaribia wastani wa ligi. Dharau hii mtu anaipata wapi? Siku iliyofuata bunge la Nevada, jimbo lenye Las Vegas, likamalizia kupitisha dola milioni 380 za walipa kodi kwa ajili ya uwanja wa Fisher.

Novemba wamiliki wa timu zote za ligi wakapiga kura kumruhusu Fisher ahame. 30–0. Hata ada ya kuhama wakamsamehe. Huko nyumbani mwenye daladala ya Mbagala hawezi kuamka akaipeleka Bunju bila LATRA, mamlaka ya usafiri, kumpa ruti mpya. Huku LATRA ni wenye daladala wenzake.

Mechi ya mwisho Oakland ilikuwa 26 Septemba 2024. Tulikuwa 46,889, tukashinda 3–2 dhidi ya Texas. Kocha Mark Kotsay alishika kipaza sauti akatushukuru, watu wazima wanalia. Yule mzee wa Kimeksiko alichota udongo wa pembeni ya uwanja akautia kwenye chupa ya maji.

Na hapa ndipo nilipotaka kuvunja televisheni: miezi mitatu haikuisha, wakamsajili Luis Severino kwa dola milioni 67, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hadi wakati huo. Mwaka uliofuata Brent Rooker, milioni 60. Lawrence Butler, milioni 65 na nusu. Kumbe zipo! Miaka yote hiyo mnatuambia mfuko umetoboka, kumbe ulishonwa njiani kuelekea Sacramento?

Kwa hiyo wewe jamaa wa San Francisco, siendi. Siyo kwa sababu ya mafuta. Sasa hivi naenda pale uwanja wa Raimondi, Oakland Magharibi, kuwaona Ballers. Ni timu ndogo ya besiboli ya ligi ndogo, mashabiki tumeruhusiwa kununua hisa, na 2025 walichukua ubingwa wa Pioneer League. Nyasi zao siyo nzuri sana na choo ni vile vibanda vya plastiki. Mzee wangu anakaa mstari wa pili, ameshaniambia msimu ukianza nisichelewe.