Kikundi cha familia: swali la Neema

Neema: Shikamooni wote. Nimekwama hapa: 2/(x−3) − (x+9)/(x²−9). Nimezidisha asili zote mbili, huko chini imetokea x yenye kipeo cha 3 🥺

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Kwa njia hiyo utafika, ila umejibebesha mzigo. Kwanza tafuta vigawo vya asili. x²−9 ina vigawo gani?

Neema: (x−3)(x+3)
Neema: Kumbe x−3 imo humo humo!

Mjomba: Eeh! Basi KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika cha asili zote mbili, ni hiyo hiyo (x−3)(x+3). Sehemu ya pili usiiguse. Ya kwanza imepungukiwa na nini?

Neema: x+3. Nazidisha juu na chini. Juu inakuwa 2(x+3) − x + 9

Kaka Baraka: Simama hapo. 2(x+3) − (x+9). Usisahau mabano, alama ya kutoa inaigusa x na inaigusa 9 pia.

Neema: 2x + 6 − x − 9 = x − 3
Neema: Kwa hiyo (x−3)/((x−3)(x+3))

Shangazi: Usiishie hapo mama. Juu na chini kuna nini kinachofanana?

Neema: x−3 inakatika. 1/(x+3)!!

Shangazi: Safi sana. Imekatika kwa kuwa ni kigawo, yaani imezidishwa. Usije ukakata x kwenye (x+5)/(x+3), pale x imejumlishwa tu. Nasahihisha madaftari, na linaniuma kweli mtoto anapofanya kazi yote vizuri kisha akaiharibu mstari wa mwisho.

Kaka Baraka: Hakiki kwa namba. x ikiwa 4: 2 − 13/7 = 1/7. Na 1/(4+3) ni 1/7. Bila yale mabano ungepata 19/7.

Mama: Mbona 4, kwa nini si 3?

Mjomba: 3 inafanya asili kuwa 0 dada, sehemu inakosa thamani. Neema, andika pembeni: x si 3 wala −3. Jibu la mwisho linaikubali 3, linatoa 1/6, lakini swali lenyewe haliikubali.

Neema: Linalofuata ni 1/x + 1/(x²+x). KDS x(x+1)?

Mjomba: Endelea

Neema: (x+2)/(x(x+1)). Hakuna cha kukata. Nimeweka x = 1, pande zote 3/2. Na x si 0 wala −1.

Shangazi: Piga picha ukurasa wote utume, nataka kuona hatua.