Picha za mdiria ziwani Kivu: ndege anageuka doa jeusi

Mwana wa Muhumba
Ndugu zangu, kwa miezi mitatu nimekuwa nikimpiga picha mdiria, yule ndege mwenye rangi nyeusi na nyeupe anayevua ukingoni mwa ziwa letu hapa Bukavu. Natumia lenzi ya milimita 300, nafika jua likichomoza, na bado karibu kila picha inamwonyesha kama doa jeusi katikati ya maji meupe. Nakosea wapi?

Mzee wa Nguba
Kijana wangu, kosa haliko kwenye kamera. Bukavu iko kusini-magharibi mwa ziwa, kwa hiyo asubuhi unapoyatazama maji unalitazama na jua linalopanda juu ya milima ya Rwanda, na ndege anakuonyesha upande wenye kivuli. Rudi saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni mwako, nawe utaona hata mikanda ya kifuani, ambayo dume anayo miwili na jike mmoja. Ikiwa nafasi yako ni ya asubuhi tu, basi ukubali weusi huo na umngoje ageuke ubavu, mdomo wake uchoreke wazi juu ya maji yanayong'aa.

Mama Lenzi
Naongeza la mpangilio. Ukipiga ukiwa umesimama juu ya ukuta, nyuma ya ndege yanabaki maji ya karibu yenye mawimbi. Ukishuka mpaka lenzi ilingane na jicho lake, nyuma inakuwa ng'ambo ya mbali, laini, isiyomsumbua mtazamaji. Tumezoea kuambiwa tuache nafasi mbele ya ndege. Huyu, hata hivyo, huelea mahali pamoja akipigapiga mabawa kisha hujitupa majini, kwa hiyo nafasi iache chini yake, maana ndiko aendako. Kasi ya kamera kufungua na kufunga iwe 1/2000 ya sekunde au haraka zaidi.

Mwana wa Muhumba
Asante, mama, shikamoo, mzee. Nimeona tundu lake kwenye ukingo wa udongo. Je, nimngojee hapo?

Mama Lenzi
Hapana, mwanangu, nakusihi. Humo ndani ya handaki ndimo walimo makinda, na mzazi akiona mtu mlangoni huzunguka na samaki mdomoni bila kuingia. Niliwahi kuipata picha hiyo, yenye mpangilio mzuri kabisa, na sijamwonyesha mtu. Mngojee mbali na tundu, penye kijiti anachopenda kutua.