Mliofanya kazi kampuni ya mafuta inayoyumba, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Nipo bohari ya kampuni ya kuagiza na kusambaza mafuta hapa Dar. Meli inashusha Kurasini, wenzetu wanachukua mzigo wao, sisi hatumo kwa sababu benki imekataa kutudhamini. Malori yanalala getini. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitoa bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, tunaisoma tu, hatuna cha kuuza. Mshahara unakuja nusunusu, na uongozi wimbo ni mmoja: mwekezaji yuko njiani. Nina mkopo wa benki na watoto wako shule, usingizi sipati. Mliopitia haya, mlichukua hatua gani?

Mdau wa Tanga:
Pole sana mkuu. Anza na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, leo hii. Kwetu salary slip ilionyesha makato kila mwezi, kumbe pesa haziendi kokote. Tulibeba slip zetu tukaenda ofisi ya mfuko tukiwa kundi, ndipo mwajiri akaanza kufuatiliwa. Mmojammoja walikuwa wanatuzungusha.

Mdau wa Mwanza:
Wakikuletea barua ya kujiuzulu ya kusaini, usisaini! Wenzangu waliahidiwa kulipwa haraka, wakasaini, wakakosa kiinua mgongo. Ukipunguzwa kazi, sheria ya ajira ya 2004 inakupa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, mbali na notisi na likizo unazodai. Na kabla ya kupunguza watu lazima wakae mezani na wafanyakazi. Ukiachishwa kienyeji, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Mdau wa Mombasa:
Poleni ndugu zetu. Hilo la mwekezaji msiliwekee tumaini lote. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, cha tangu 1963, mwekezaji kutoka India alinunua nusu yake 2009, na 2013 mitambo ikazimwa, akaamua kujitoa. Mtaani kwetu mafundi wenye vyeti vya kuchomelea waliwahi kazi za Ghuba. Waliojua kazi bila karatasi walihangaika sana, na inauma, maana wengine ndio waliowafundisha hao wenye vyeti. Omba barua ya uzoefu sasa, maadamu ofisi ingali wazi na kuna wa kuisaini.

Mleta mada:
Nawashukuru mno. Nimecheki NSSF kwa simu, mchango wa mwisho kuingia ni wa Machi. Kesho tunakaa wote wa bohari na madereva. Aliyewahi kudai mishahara CMA huku kampuni bado haijafungwa, naomba aniambie alianzaje.