Jogoo yupi abaki kwenye kundi la mbegu? Muda umenibana

JogooMwekundu
Habari zenu wakuu. Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, leo imebidi niandike maana usingizi umekata.

Nafuga kuku aina ya Rhode Island Red wa asili, wale wa zamani ambao wekundu wao umekolea hadi unakaribia weusi. Sio hawa wa rangi ya kutu wanaofugwa kwa ajili ya mayai tu. Nataka kutenga kundi la mbegu, mitetea 9 na jogoo mmoja. Majogoo ninao wawili, wote wana miezi 8.

Wa kwanza tunamwita Sultani. Mrefu, mpana, mkia unang'aa ukijani kama mgongo wa mbawakawa. Juzi nimempima, kilo 4.2. Wa pili hata jina hana. Ni mfupi kidogo, rangi anayo lakini hana mbwembwe, anajilia zake pembeni.

Moyo wangu uko kwa Sultani. Je, ukubwa na rangi vinatosha kumchagua jogoo wa mbegu au kuna mengine ya kutazama? Naombeni majibu leo au kesho, nina sababu zangu.

Fundi Banda
Mkuu, kabla ya jogoo tuambie banda likoje. Hewa inatokea juu au inawapiga kuku usoni? Nauliza kwa sababu mimi mwaka wangu wa kwanza nilihangaika na mbegu bora huku matandazo yamelowa, ukifungua mlango machozi yanakutoka kwa amonia. Vifaranga walikwisha wote. Nikabomoa ukuta wa upande mmoja, nikaweka wavu kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, na tangu hapo...

JogooMwekundu
Banda liko sawa mkuu. Tubaki kwa jogoo.

Kidari_Kipana
Weka mizani kando, tumia mikono. Nenda usiku wakiwa wametulia kwenye vichanja, mchukue mmoja mmoja.

Anzia kichwani. Fuvu jembamba kwa kawaida lina mwili mwembamba chini yake, kwa hiyo tafuta fuvu pana, jicho angavu lililojaa, mdomo mnene usiopishana. Upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, kama wako ni wale wa upanga mmoja, uwe na meno 5 yaliyosimama. Ukiona kijimeno kimechipuka ubavuni mwa upanga, huyo usimzalishe hata akiwa mzuri vipi, kitakurudia kwa watoto.

Shuka mgongoni, laza kiganja. Rhode wa kweli ana umbo la tofali: mgongo bapa, mrefu, upana wake hauishii mabegani bali unakwenda nao hadi karibu na mkia. Wengi wanadanganywa na manyoya hapa. Jogoo anaonekana gogo, ukimshika ni kijiti kilichovalishwa blanketi.

Kisha pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari toka mbele hadi nyuma. Unyooke. Ukipinda inaweza kuwa urithi, inaweza pia kuwa alipanda vichanja vyembamba akiwa mdogo mifupa haijakomaa, lakini kwa kuwa huwezi kujua ni kipi, mtoe. Miguu isimame wima magoti yasigusane, vidole vinyooke, na kusiwe na unyoya hata mmoja unaochungulia kwenye magamba ya miguu. Kwa Rhode hiyo ni kasoro kubwa.

Mitetea nao, wale walioanza kutaga, pima nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga. Vidole viwili vipite. Kutoka hapo hadi ncha ya kidari vipite vitatu au vinne. Ukikuta kidole kimoja kinabanwa, huyo hatagi.

Umeshawafanyia hivyo majogoo wote wawili?

JogooMwekundu
Asante sana mkuu, haya ndiyo niliyokuwa natafuta. Sultani nimemshika, yuko vizuri kote. Yule mwingine sijamshika.

Mama Vifaranga
Mwanangu, hao wote wamekwambia mwili, mimi nakwambia tabia. Nilikuwa na jogoo ambaye kila aliyepita alisimama kumtazama. Siku moja alimrukia mjukuu wangu akamchana na kipi chini ya jicho. Nikasema ni bahati mbaya, nikamwacha azalishe kwa sababu ya uzuri wake. Wanawe wa kiume watano, wanne walitoka na ukali uleule. Ukali unarithiwa. Tangu hapo jogoo akinigeuzia kifua mara ya pili, hazalishi kwangu. Uzuri usikupofushe, kwa kuku na kwa mengine pia.

Chongo
Jogoo mmoja ana jina na cheo, mwenzie hana hata jina. Hapa kesi imeshahukumiwa, sisi tumeitwa kutia saini tu 😂

Hesabu ya Damu
Swali ambalo ungelijibu mwanzoni: Sultani na hiyo mitetea wametoka wapi? Ni ndugu?

JogooMwekundu
Baadhi.

Hesabu ya Damu
Baadhi ni wangapi?

JogooMwekundu
Sita kati ya 9. Nilinunua mayai kwa mfugaji mmoja, nikatotolesha pamoja. Ana jogoo mmoja na koo kadhaa, kwa hiyo baba ni mmoja, mama sijui. Yule jogoo wa pili na mitetea 3 walitoka kwa mfugaji mwingine. Lakini wakuu, hata hao waliotengeneza mbegu hizi zamani walizalisha ndugu kwa ndugu. Ndivyo rangi ilivyokaa.

Hesabu ya Damu
Walifanya, ila walikuwa na vifaranga mamia na walichinja bila huruma. Wewe una mitetea 9.

Ukimpa jogoo dada zake wa baba mmoja, watoto wanaanza na asilimia 12.5 ya damu iliyojirudia, yaani urithi uleule kutoka kwa baba na kwa mama. Wakiwa wa baba na mama mmoja ni 25. Ukiendelea hivyo, dalili ya kwanza huioni kwa kuku, unaiona kwenye mayai. Yanaanza kutototoa vizuri, vifaranga wanafia ndani siku za mwisho, halafu utagaji unashuka, na wewe unailaumu mashine.

Una bahati mbegu zako ni za mashina mawili. Gawa familia mbili, ukipata jogoo wa shina jingine fanya tatu. Mitetea ibaki kwenye familia ya mama yake, majogoo ndio wahame kila mwaka kwenda familia inayofuata, kwa mzunguko mmoja usiobadilika. Kwa mtindo huo kundi dogo linakaa miaka mingi bila kuleta kuku wa nje. Na kwa hesabu hiyo jibu lako ni rahisi: yule asiye na jina ndiye wa kwenda kwa hao sita.

Tabibu wa Mbawa
Mimi nimeshtushwa na "leo au kesho". Kuchagua jogoo si jambo la kesho. Kuna kitu gani? Na pili, Sultani aliwahi kuugua?

JogooMwekundu
Wote waliugua kidogo utotoni kama kuku wengine.

Tabibu wa Mbawa
Kidogo kivipi? Eleza ndugu yangu, hapa hakuna wa kukucheka.

JogooMwekundu
Sawa. Alipokuwa na wiki 11 alipata mafua. Jicho moja lilivimba likafunga, akawa anakoroma usiku. Nilimpa dawa ya maji siku 5, akapona kabisa. Ndiyo maana nampenda, wenzake wawili walikufa yeye akasimama. Nilidhani kinga kama hiyo ndiyo ya kurithisha.

Na sababu ya haraka ni kwamba mayai 46 yake yako kwenye mashine. Leo siku ya 8. Jana nimeyapima kwa mwanga, 39 yana mishipa. Kuna watu wanne wameshaahidiwa vifaranga. Nilichotaka ni kuambiwa tu kama nimefanya sawa.

Tabibu wa Mbawa
Asante kwa kusema.

Mafua ya kuku si ugonjwa mmoja. Kuna koriza, uso unavimba na pua inatoa uchafu wenye harufu mbaya. Hiyo haipiti kwenye yai, lakini aliyepona anaweza kubaki na vijidudu na kuwaambukiza wengine. Na kuna maikoplazma, inayomkoromesha kuku na kumvimbisha macho polepole. Hiyo koo aliyeambukizwa anaipitisha ndani ya yai, kifaranga anatoka nayo. Dawa inatuliza dalili, haisafishi mwili. Kwa macho siwezi kukwambia Sultani alikuwa na ipi, na wewe huwezi. Hiyo ni kazi ya maabara.

Hoja yako ya kinga naiheshimu, wapo wanaochagua hivyo. Lakini kupona na kubeba vijidudu ni mambo mawili, na kuku mmoja anaweza kuwa navyo vyote. Tena si Sultani tu: mitetea iliyoishi naye banda moja nayo ipimwe, maana wao ndio wanaotaga.

Sina Papara
Wakuu mnajibu kwa moyo mzuri ila mimi nanusa chai hapa.

Rudini bandiko la kwanza. Kilo 4.2, miezi 8. Viwango vya Rhode Island Red, tangu wale wa upanga mmoja wapokelewe rasmi Marekani mwaka 1904, vinajulikana: jogoo mzima kama kilo 3.9, jogoo ambaye hajafika mwaka 3.4. Halafu mbegu za asili hazina haraka ya kukua, ndiyo sifa yake. Sasa huyu aliugua wiki ya 11, akapoteza nyama, halafu kwa miezi 8 anampita jogoo mzima? Ama si Rhode, ama hayupo. Wiki ijayo mtaona tangazo la "vifaranga wa Sultani".

Chongo
Nami nilijiuliza, mtu hana usingizi lakini anaandika mkia unang'aa kama mbawakawa 😂

Fundi Banda
Kama ni chai basi mimi nimepoteza hadithi yangu ya banda bure.

Mama Vifaranga
Msimvunje mtu moyo bila ushahidi. Aulizwe, ajibu.

JogooMwekundu
Nimesoma na imeniuma. Sina vifaranga vya kutangaza humu, hao wanne ni majirani na ndugu.

Nimetoka kumpima tena. Juzi nilimpima ndani ya tenga, na tenga sikulitoa kwenye hesabu. Nimelipima peke yake, gramu 700. Kwa hiyo Sultani ni kilo 3.5. Samahanini kwa namba ile. Kuku yupo, na mayai yapo.

Sina Papara
3.5 inaingia akilini. Nimekukosea ndugu, niwie radhi. Neno la tangazo nalifuta.

Hesabu ya Damu
Na angalieni, bila kilo za tenga pengo kati ya majogoo wawili halijulikani tena. Yule wa pili ana kilo ngapi?

JogooMwekundu
Sijawahi kumpima.

Kuhusu mayai, siwezi kuyatupa. Yana mishipa, nimeyaona yakicheza.

Tabibu wa Mbawa
Sijasema utupe. Yaache yatotoe, lakini wape hao wanne taarifa leo, na kifaranga asitoke kwako hadi majibu ya damu ya wazazi yarudi. Walee mbali na kuku wengine, viatu tofauti, vyombo tofauti. Mashine ioshwe na kuuliwa vijidudu kabla ya mzunguko mwingine. Sultani mtenge kesho asubuhi. Na ukiweka jogoo mwingine, subiri wiki 3 kabla ya kukusanya mayai ya mbegu, maana mbegu ya jogoo wa kwanza inakaa ndani ya mtetea.

JogooMwekundu
Mmoja nimeshampigia, amekasirika lakini amesema atasubiri. Watatu nitawapigia asubuhi. Sultani simchinji, hilo msiniombe. Nitamtenga.

Kidari_Kipana
Hakuna aliyekuambia chinja. Ila nenda ukamshike yule mwingine, saa hizi wamelala.

JogooMwekundu
Nimerudi. Kilo 3.3 bila tenga. Kidari kimenyooka, mgongo ni mpana kuliko nilivyodhani, kiganja chote kimelala. Meno ya upanga 5, ubavuni pasafi. Nimemwangalia miguu kwa tochi, hakuna unyoya. Alitulia mkononi muda wote.

Mama Vifaranga
Alikuchana?

JogooMwekundu
Hapana mama. Alilala tena kabla sijamrudisha kichanjani.

Tabibu wa Mbawa
Naye apimwe damu pamoja na wengine.